Rudisha Magwanda, Ukapumzike

Jumatatu, 10 Machi

Nimenunua daftari hili kwa sababu nina siri, na mdomo wangu haukuumbwa kwa siri. Naandika Kiswahili. Marehemu baba alikuwa polisi, alipelekwa kozi Moshi akarudi na Kiswahili cha vitabuni, akatulazimisha sisi watoto wa kambini tumwandikie barua kila Jumamosi hata kama amelala chumba cha pili. Hapa mtaani Namuwongo Kiswahili ni cha wachache, hakuna wa kunisoma juu ya bega.

Siri ni hii: nina mimba, inaingia mwezi wa saba. Mume wangu Olal ni mwanajeshi, yuko Karamoja, yeye anajua. Kazini hawajui. Mimi ni askari wa kampuni ya ulinzi, nalinda jengo la maofisi Nakasero. Nakagua mikoba ya akina mama na kupitisha kioo chini ya magari. Kuinama na kioo siku hizi ni kazi ya punda.

Mvua za masika zimeanza leo.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Mshipi tundu la tatu.

Ijumaa, 14 Machi

Nieleze habari ya mshipi, maana nikisoma miaka ijayo nitajiona kichaa. Kila asubuhi saa kumi na mbili tunafanya gwaride katika yadi ya kampuni. Tuko askari mia mbili na kitu, wanawake tisa. Afande Okidi, msimamizi wetu, anapita mstari mzima akiingiza kidole kati ya mshipi na tumbo la kila mtu. Kidole kikipita kwa ulaini, umelegeza, unazungushwa yadi mbio. Mshipi wa kampuni una matundu matano. Mimi nilianza la kwanza.

Simwogopi Afande Okidi. Alikuwa rafiki wa baba, alishika jeneza upande wa kichwa siku ya mazishi. Kazi hii alinitafutia yeye. Ananiita nyara, ambayo kwetu Waacholi ni binti yangu. Wengine anawaita kwa namba.

Jumapili, 16 Machi

Maji yameingia ndani hadi kwenye miguu ya kitanda. Jirani yangu Pélagie, Mkongo, fundi cherehani, ameweka mashine yake juu ya meza na yeye mwenyewe amekaa juu ya meza hiyohiyo, anashona tu. Nimecheka hadi mtoto akanipiga teke.

Jumatano, 19 Machi

Leo kidole cha Afande kilifika kwangu kikasimama. Tundu la nne. Akapita.

Mchana alikuja Nakasero na pikapu, akaniita, akaninunulia soda. Akaniuliza, "Miezi ngapi, nyara?"

Nikasema saba. Akatingisha kichwa taratibu. "Hii kazi ya kusimama itaumiza mtoto. Sasa mimi nasema hivi: rudisha magwanda stoo, wende ukapumzike. Ukishazaa, kuja. Nafasi yako iko."

"Hata barua siandiki, afande?"

"Barua ya nini kati ya baba na mtoto?"

Nililia mbele ya watu, mtu mzima mimi. Nilimshika mkono wake kwa mikono miwili na kupiga goti, na tumbo hili. Nilimwambia Mungu atamlipa. Kanipa hadi mwisho wa mwezi nijipange.

Jumamosi, 22 Machi

Nimeenda Kikuubo kununua nepi na beseni. Kule ukisimama unasukumwa, nikasukumwa hadi kwenye mgongo wa mwanamke mwenye mtoto mgongoni na rundo la mifuko ya plastiki mkononi, anauza. Akageuka kunitukana. Alikuwa Lamwaka!

Lamwaka nilisimama naye geti moja mwaka mzima. Alikuwa na sauti ya kuamuru lori lisimame, nalo likasimama. Leo amekonda shingo. Mwaka jana mwezi wa nane tulimsindikiza kwa shangwe: amepewa mapumziko ya uzazi. Nikamwuliza mbona bado hajarudi, mtoto ana meno tayari.

"Afande anasema ningoje," alisema. "Nafasi ikipatikana ataniita. Ni mtu mzuri sana yule. Kila nikimpigia anapokea."

"Mshahara wa likizo walikupa?"

"Likizo gani? Nilirudisha magwanda nikaenda kupumzika."

Alisema hivyo na tabasamu. Mimi ni mtoto wa kambini, jamani. Tangu naanza kutembea najua: askari aliyekabidhi vifaa si askari tena. Siku ya mwisho ya baba kazini tulijua ni ya mwisho kwa sababu alirudi bila buti. Na mimi, mimi Atoo, nilikuwa nimepiga goti kushukuru. Nilinunua beseni, nepi nikasahau.

Jumapili, 23 Machi

Nimemweleza Pélagie. Hakushangaa hata kidogo, akafungua saraka ya mashine na kutoa kijitabu walichogawiwa kanisani na akina mama fulani wa mambo ya haki. "Banatupatiaka tu vitabu, lakini Kingereza iko nguvu," alisema. "Soma, miye nisikie."

Nikasoma, nikimfasiria. Mwanamke mwajiriwa akijifungua ana likizo ya siku sitini za kazi. Za kazi, si za kalenda. Jumapili na sikukuu hazimo. Mshahara kamili. Wiki nne angalau ziwe baada ya kujifungua, na hata mimba ikiharibika haki hiyo ipo. Akirudi, arudi kwenye kazi yake ileile, au nyingine inayomfaa isiyo mbaya kuliko ya kwanza. Mimba si sababu ya kumfukuza mtu. Ila naye atoe taarifa kwamba atarudi, si chini ya siku saba kabla.

Pélagie aliniambia nirudie hapo pa taarifa. Nikarudia.

"Unaona sasa? Kama haukusema unarudia, wao banasema ulienda. Njo ile tu banangojaka." Yaani ndicho wanachongoja tu.

"Lakini Afande anajua nitarudi. Nimemwambia kwa mdomo."

"Mdomo!" alisema Pélagie, akakata uzi kwa meno.

Jumatano, 26 Machi

Nimekaa na kuwahesabu, wanawake wote waliotoka kwetu na matumbo tangu niajiriwe miaka minne iliyopita. Kumi na mmoja. Waliorudi: hakuna. Na wote tuliwapigia makofi. Nimeandika majina yao nyuma ya daftari hili.

Sasa nikiwa kwenye mstari nawatazama wenzangu wanane. Yupo mmoja, mgeni, anakunywa maji mengi na kutema mate.

Ijumaa, 28 Machi

Tundu la tano. Hakuna la sita.

Jumatatu, 31 Machi

Nimeandika barua, nakala mbili, kwa Kiingereza safi: naomba likizo yangu ya uzazi ya siku sitini za kazi, na natoa taarifa kwamba nitarudi. Nilitaka nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa, basi. Nilimpelekea Nashon, afisa utumishi, kijana wa tai na viatu vya kung'aa. Alisoma mstari wa kwanza, akaacha.

"Askari wa chini barua zao zinapitia kwa Afande."

"Gonga muhuri tu, bosi, nitampelekea mwenyewe."

"Dada, nimeshasema."

Nikampelekea Afande Okidi yadini. Alisoma yote, mimi nimesimama mkao wa saluti. Akakunja nakala ya kwanza, akakunja na ya pili, akaziweka zote mfuko wa shati na kufunga kifungo. Akatabasamu. "Nani alikufundisha haya, nyara?"

Nilitazama kifungo cha mfuko wake.

"Mimi nilikutafutia kazi kwa sababu ya baba yako. Usinifanye niwe mtu mbaya." Alisema taratibu kama anayemwamsha mgonjwa. Afadhali angepiga kelele.

Jumanne, 1 Aprili

Leo gwarideni wamesoma mabadiliko. Mimi: kutoka Nakasero kwenda ghala la mbolea, Namanve. Peke yangu mchana kutwa. Hakuna kiti. Choo ni mwendo wa dakika kumi. Nikishindwa kuripoti siku tatu, mimi ni mtoro, na mtoro hana likizo.

Haya. Tuone.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Nimesimama.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Nimesimama. Mbolea inaingia hadi kooni.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimesimama. Nimegeuza ndoo nikaikalia. Saa tisa pikapu ikaja, Afande akaitazama ndoo, akaipakia kwenye gari, akaondoka nayo. Shenzi! Nimeliandika neno hili kwa raha zangu zote, na baba anisamehe.

Ijumaa, 11 Aprili

Olal amepiga simu. Ameniambia niache, tutakula mshahara wake. Nimemwuliza kama yeye angerudisha bunduki kwa sababu mguu unauma. Akasema, "Basi usife, mke wangu." Nimekata simu nikalia.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Miguu imevimba, buti haziingii bila sabuni. Pélagie amenishonea soksi za kitambaa laini na amenikataza chumvi.

Alhamisi, 24 Aprili

Tangu jana kichwa kinauma upande wa mbele na macho yanaona vimulimuli mchana. Nimepita kituo cha afya. Mkunga alinipima presha mara ya kwanza, akapima tena, akabadilisha mashine na kupima mara ya tatu. Hakunitisha, aliandika tu cheti na kukigonga muhuri: apumzike mara moja kuanzia Jumatatu, kabla ya hapo dawa, na vimulimuli vikizidi asingoje Jumatatu. "Nyabo," alisema, yaani mama, "mtoto huyu anakutegemea wewe, hategemei kampuni."

Kwa hiyo natoka bila barua iliyopokelewa. Nikitoka hivyo, Jumatano jioni jina langu litaandikwa mtoro, na mimi ni wa kumi na mbili. Nimemtapika Afande Okidi rohoni. Yule niliyekuwa nikimwona kama baba ni mtu anayekusindikiza hadi shimoni akikushika mkono usijikwae.

Ijumaa, 25 Aprili

Lazima niandike yote kabla sijalala.

Kila mahali pa ulinzi pana kitabu cha matukio. Kurasa zake zimepigwa namba kiwandani, ukichana moja inaonekana. Askari anaandika kila kitu: lori limeingia, lori limetoka, mbwa amekufa getini, mvua imeanza. Ni sheria ya kazi hii, na kitabu si mali ya kampuni, ni mali ya mwenye ghala. Msimamizi akija, anatia saini kwa wino mwekundu chini ya mstari wa mwisho kuonyesha amefika. Afande Okidi huitia huku injini inanguruma, hata miwani havai.

Leo asubuhi, nimesimama kwenye mvua, wazo likanijia kwa nguvu hadi nikacheka peke yangu. Kwani likizo yangu si tukio?

Nikaandika kama ninavyoandika siku zote, bila kupamba. Saa mbili kamili: lori la mbolea limeingia. Saa nne na nusu: mvua kubwa. Saa tano: mimi, askari Atoo, natoa taarifa kwamba kwa cheti cha mkunga nilichoambatanisha naanza likizo ya uzazi ya siku sitini za kazi Jumatatu tarehe 28 Aprili, na kwamba nitarudi kazini Ijumaa tarehe 11 Julai. Magwanda ninabaki nayo. Saa sita: hali ni shwari.

Tarehe hiyo nilihesabu na Pélagie kwa vifungo, tukiruka Jumapili na sikukuu nne. Nakala ya cheti niliibana ukurasani kwa pini.

Kisha nikangoja. Saa tisa haikufika leo, ilikuja ikitambaa. Vimulimuli vilirudi, nikashika nguzo. Nilijua akisoma, atauchukua ukurasa au atanichukua mimi. Pikapu ikaja. Afande hakuzima injini. Nikampigia saluti, nikamfungulia kitabu, kidole changu gumba kikiwa juu ya pini.

Alikaa muda. Sijui ni sekunde ngapi, mvua ilikuwa inapiga bati na sikuweza kuinua macho. Nikaona mkono wenye kalamu nyekundu ukishuka. Akatia saini. Akaniangalia usoni, akasema, "Hali?"

"Shwari, afande."

"Haya."

Pikapu ilipopotea nikapiga picha ukurasa kwa simu mara nane. Sita hazikusomeka.

Jumatano, 14 Mei

Amezaliwa juzi Jumatatu, msichana, kilo mbili na nusu. Presha ilipanda wakaniwekea dawa ya kuanzisha uchungu. Nimepona, amepona. Mvua inanyesha na mimi nimelala, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Jumatatu, 2 Juni

Mshahara wa Mei haukuingia.

Jumanne, 17 Juni

Mvua zimekatika. Anatabasamu akisikia mashine ya Pélagie. Olal alikuja kwa likizo yake ya siku nne za baba, zikaisha kabla hajajifunza kumfunga nepi.

Jumatano, 2 Julai

Nimepeleka taarifa ya kurudi, siku tisa kabla, mtoto mgongoni. Nashon alifungua faili yangu, na mimi niliweza kuisoma kichwa chini miguu juu: ameacha kazi, 28 Aprili, mtoro. Imeandikwa kwa mwandiko mzuri.

"Uliondoka mwenyewe," alisema. "Na magwanda ya kampuni hukurudisha. Hiyo peke yake ni kesi."

Nikamwuliza kama anataka nimjibu hapa au kwa afisa wa kazi wa serikali. Alicheka. Nikatoka nikapanda boda moja kwa moja hadi ofisi ya kazi, nikaomba dakika kumi za kunyonyesha kwanza, kisha nikaeleza.

Ijumaa, 11 Julai

Leo ndiyo tarehe yangu. Nilifika yadini saa kumi na mbili kasoro, nimevaa magwanda, buti zimeingia. Mlinzi wa geti, kijana ninayemjua, alinizuia akitazama chini. Nilisimama nje hadi gwaride likaisha ili isije ikasemwa sikuripoti. Niliona kwamba wanawake wamebaki saba. Yule wa kutema mate hayupo.

Ijumaa, 18 Julai

Tumeitwa na afisa wa kazi, mama wa makamo, miwani kwenye kamba. Upande mmoja mimi na mtoto. Upande wa pili Nashon na Afande Okidi, ambaye sikuwa nimemwona tangu Namanve. Amezeeka. Kitabu cha matukio kililetwa na mwenye ghala mwenyewe, ukurasa upo, pini ipo, cheti kipo.

Nashon alikuwa amejitayarisha. "Mama, saini hiyo ni ya kuonyesha kwamba gari limefika. Hakuna msimamizi anayesoma mambo ya malori. Kampuni haikujua chochote."

Afisa akageuza kitabu kwa Afande. "Hii ni saini yako?"

"Ni yangu."

"Ulisoma ulichotilia saini?"

Akisema hapana, nimekwisha. Nilifanya ujanja mimi, nilimfungulia kitabu nikitumaini hatasoma, na sasa ujanja huo ndio ulikuwa unanizika. Nashon aliweka mkono wake juu ya goti la Afande, kidogo tu, nikauona.

"Nilisoma," alisema Afande Okidi. "Nilisoma mara mbili."

Nashon aliita jina lake. Hakugeuka.

Afisa aliandika kwa muda mrefu. Akasema ninarudi kazini Jumatatu, Nakasero, kazi ileile, na likizo yangu yote inahesabiwa kuwa ya malipo. Kisha akavua miwani. "Mzee, huyu mama amenipa majina kumi na moja ya wenzake. Hao nao ulisoma taarifa zao?"

"Hao hawakuandika," alisema Afande.

Alisema hivyo hivyo tu, kama anayesema kwamba jana haikunyesha. "Kama wangeandika, ningetia saini. Mimi niliambiwa niwatoe, sikuambiwa nisitie saini. Hawakuandika. Walinishukuru wakaenda."

Nilimchukia, na nilikuwa nimeokolewa naye dakika tano zilizopita, na vyote viwili vilikuwa kifuani kwa wakati mmoja. Nikamwambia, "Lamwaka anauza mifuko Kikuubo, afande. Bado anangoja simu yako."

Afisa alisukuma karatasi mbele yangu, akaniambia niyaandike upya majina hayo, na tarehe kama ninazikumbuka, atawaita wote. Nashon aliniinamia akasema kwa upole kwamba nifikirie vizuri, Jumatatu si mbali, na gwaride ni la kampuni. Nikashika kalamu. Nikaandika Lamwaka, nikakwama kwenye tarehe.

"Tarehe kumi na nne mwezi wa nane," alisema Afande Okidi, macho kwenye sakafu. "Namba yake mia moja na sita. Andika, nyara."

Nikaandika. Akataja wa pili, namba na tarehe. Wa tatu. Wa nne, na mahali alipokuwa akilinda. Yote yalikuwa kichwani mwake, hakukosea hata moja. Tulipofika wa kumi na mmoja nikaweka kalamu chini na kumweka mtoto bega la pili. Majina yangu yalikuwa yameisha.

Afande hakuwa amemaliza. Alingoja nishike kalamu tena, akataja jina nisilolijua, la mwaka ambao mimi nilikuwa bado shuleni, akaendelea na lingine.